Mwongozo kamili: Kupaka kwa mkono sahani ya ukumbusho wa kutawazwa kwa mfalme

Picha za sahani zilizoharibika ambazo wasomaji mmekuwa mkinitumia zinafanana mno. Taji limetoka vizuri, lakini herufi za upande wa kulia zimebanana, tarehe imechuruzika, na mahali fulani kuna doa la kijivujivu ambapo mtu alijaribu kufuta. Wengi mnalaumu mkono wenu. Mkono hauna kosa. Kosa ni kwenda kuamua mambo juu ya sahani, wakati glezi mbichi, yaani ile rojo inayofunika udongo na kugeuka kama kioo tanurini, haifutiki. Kila jambo linalohitaji kufikiriwa linapaswa kumalizikia kwenye karatasi, ili siku ya kupaka brashi ifuate tu kilichokwisha kuamuliwa.

Sahani tutakayoifanya ni ya mtindo wa London wa karne ya 17: mwili mweupe, rangi ya buluu, taji katikati, herufi za mfalme pande mbili, mwaka chini, na ukingo wenye michoro ya mshazari ya buluu. Wafinyanzi wa Southwark na Lambeth, sehemu za London, walipaka sahani za namna hii zenye sura na herufi za wafalme kama Charles II, na baadaye William na Mary waliotawazwa mwaka 1689. Nimeuchagua mtindo huu kwa sababu kazi yake yote ni ya brashi. Vikombe vingi vya ukumbusho vya karne ya 20 vilipigwa chapa kwanza, kisha vikaongezewa rangi kidogo kwa mkono. Hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Mfano wetu ni kutawazwa kwa Charles III, mfalme wa Uingereza, tarehe 6 Mei 2023. Ukitaka tukio lingine, badilisha herufi, taji na mwaka. Hatua ni zilezile.

## Vitu vya kuandaa

Usianze mpaka vyote viwe mezani.

- Sahani mbili za udongo zilizochomwa mara moja, ambazo bado hazijatiwa glezi, za upana wa sentimita 25 hivi na zenye ukingo bapa. Ya pili ni ya akiba.
- Vigae vidogo vitatu au vinne vya udongo uleule, vya majaribio.
- Glezi nyeupe ya bati isiyo na risasi, inayoiva kwenye nyuzi 1060 za Selsiasi hivi. Iwe ya kutosha kuzamisha sahani kwenye beseni.
- Rangi ya buluu ya kobalti (aina ya madini) iliyotengenezwa kwa ajili ya kupakwa juu ya glezi mbichi.
- Brashi tatu: ya nywele ndefu nyembamba kwa mistari, nene yenye ncha kwa herufi, na laini pana kwa kujaza.
- Kigurudumu cha mkono cha kuzungushia sahani.
- Karatasi nyembamba ya kunakilia, bikari, rula, penseli laini, na sindano iliyochomekwa kwenye kipande cha kizibo.
- Mkaa uliosagwa ukawa unga, ukiwa ndani ya soksi ya pamba iliyofungwa.
- Sifongo, wembe, barakoa ya kuzuia vumbi, na vitambaa vya kulowesha.
- Nafasi kwenye tanuri. Kama huna lako, karakana nyingi za ufinyanzi na vyuo vya sanaa huchoma kazi za watu kwa malipo. Zungumza nao kabla hujanunua glezi na uwaulize wanachoma kwa nyuzi ngapi. Glezi ya nyuzi 1060 ikiingizwa kwenye tanuri la nyuzi 1250 itayeyuka na kumwagika juu ya rafu yao.

Onyo. Unga wa glezi una silika, na kobalti si kitu cha kuvuta puani wala kumeza. Vaa barakoa unapochanganya na unapokwangua. Meza ifutwe kwa kitambaa chenye maji. Usifagie vumbi likiwa kavu. Usile wala kunywa mahali unapofanyia kazi.

## Hatua ya 1: Hakikisha maneno na tarehe

Kwa nini kwanza? Kwa sababu sahani nzuri yenye tarehe ya tukio lisilo lake ni hasara isiyotengenezeka.

Kuna tarehe mbili ambazo watu huzichanganya kila mara: siku mtu alipoanza kutawala na siku alipotawazwa. Elizabeth II aliupata ufalme tarehe 6 Februari 1952 akiwa Kenya, na hiyo ndiyo tarehe ambayo jubilei zake zilihesabiwa. Alitawazwa tarehe 2 Juni 1953. Msomaji wa Nyeri anayetaka kuadhimisha tukio lililotokea karibu na kwao aandike 1952, na sahani iseme wazi kuwa ni ya kuanza kutawala. Kwa Charles III, tarehe ni 8 Septemba 2022 na 6 Mei 2023.

Kama unatengeneza kabla ya sherehe yenyewe, acha nafasi ya tarehe wazi, uipake mwisho kabisa kabla ya kuchoma. Edward VII alipangiwa kutawazwa tarehe 26 Juni 1902, akaugua, na sherehe ikafanyika tarehe 9 Agosti. Vyombo vyenye tarehe ya Juni vilikuwa vimekwisha kutengenezwa. Edward VIII naye alipangiwa tarehe 12 Mei 1937, akajiuzulu Desemba 1936, na siku ileile akatawazwa ndugu yake, George VI. Viwanda vilibaki na shehena za vikombe vya mfalme ambaye hakutawazwa kamwe.

Kuhusu herufi: ya kwanza ni ya jina, ya pili ni R. Kwa mfalme ni Rex, kwa malkia ni Regina, yote ya Kilatini, kwa hiyo R haibadiliki. Nimeletewa sahani ya Elizabeth yenye E na Q, ya Queen. Usiandike Q. Kwenye sahani yetu tutaweka C kushoto na R kulia, taji juu yake, na 2023 chini.

Umefanikiwa ikiwa maneno yote yako kwenye karatasi, na mtu mwingine ameyasoma akakubali kwamba ni sahihi. Macho ya aliyeandika huruka makosa yake mwenyewe.

## Hatua ya 2: Chora kwa ukubwa kamili

Kata karatasi ya duara yenye upana sawa na sahani. Ikunje mara tatu upate sehemu nane, kisha ifungue. Mikunjo ndiyo mistari yako ya kupimia. Kwa bikari chora duara la mahali ukingo unapoanzia.

Taji. Hapa watu huchora taji la katuni lenye meno matatu, na sahani nzima inaonekana ya kuchezea. Taji la Uingereza likitazamwa mbele lina utepe wa chini, na juu yake msalaba mmoja mzima katikati, maua mawili ya yungiyungi pembeni mwake, na nusu za misalaba kwenye kingo mbili. Juu ya hayo hupanda matao, na kileleni kuna mpira wenye msalaba.

Umbo la matao linategemea ni nani unayemwadhimisha. Kwenye nembo ya herufi za Elizabeth II matao hubonyea kidogo katikati, kwa sababu lilitumika taji la Mtakatifu Edward. Kwenye nembo ya Charles III ni taji la Tudor, ambalo matao yake ni ya mviringo bila kubonyea. Ukibadilisha mfalme pasipo kubadilisha matao, mjuzi ataona mara moja.

Herufi. Hapa ndipo sahani nyingi zinapofia. Sababu ni moja: mtu anaanza kuandika kushoto na kusonga kulia mpaka nafasi inaisha. Usifanye hivyo. Anza katikati. Kwa 2023, tafuta mstari wa katikati, weka 0 kushoto kwake na 2 ya pili kulia, kisha ongeza ya kwanza na ya mwisho. Kwa C na R, pima kutoka mstari wa katikati kwenda pande zote mbili.

Lakini rula peke yake itakudanganya. C imefunguka upande wa ndani, R imejaa, kwa hiyo zikiwekwa kwa umbali sawa C huonekana imekwenda mbali. Isogeze kidogo kuelekea katikati mpaka jicho litulie. Bandika karatasi ukutani, rudi nyuma hatua kadhaa, itazame. Kisha igeuze juu chini, utazame tena. Ikiwa juu chini husomi maneno, na hapo ndipo unapoona uzito umeegemea wapi.

Herufi ziwe nene. Mstari mwembamba uliopendeza kwenye karatasi hufifia ndani ya glezi, kwa sababu glezi ikiyeyuka huivuta rangi pembeni kidogo. Mguu wa herufi usiwe chini ya milimita tatu.

Umefanikiwa ikiwa mchoro ukiwekwa juu ya sahani hauhitaji badiliko hata moja. Kama kuna kitu kinakukera, kirekebishe leo. Kesho hutaweza.

## Hatua ya 3: Toboa mchoro

Nakili mchoro kwenye karatasi nyembamba. Weka karatasi juu ya taulo iliyokunjwa, utoboe kwa sindano kando ya kila mstari, tundu kila milimita mbili. Geuza karatasi upande wa nyuma, upitishe msasa mwepesi ili kuondoa vinundu. Vikibaki, matundu hujifunga na mkaa haupiti.

Watu wa Delft, Uholanzi, walitumia njia hii hii kuhamisha michoro. Sababu yake ni nzuri: unga wa mkaa huungua wote tanurini, haubaki hata alama, na karatasi moja inatumika tena na tena. Penseli nayo huungua, lakini ncha yake huchimba glezi mbichi.

Usitoboe michoro ya ukingoni. Hiyo itapakwa kwa jicho.

## Hatua ya 4: Jaribu rangi kwenye vigae

Wengi huruka hatua hii, halafu wanauliza kwa nini buluu imetoka nyeusi. Kobalti ina nguvu sana. Ikiwa nzito, hutoka nyeusi na kuacha uso mkavu wenye mng'ao wa chuma. Ikiwa nyepesi mno, hutoka kama uchafu. Na kabla ya kuchomwa rangi haikuambii chochote, maana nyingine huwa za zambarau au kijivu zikiwa mbichi.

Tia glezi kigae, kikauke, upake mistari mitatu: rangi kama ilivyo, rangi iliyoongezwa maji kiasi chake, na rangi iliyoongezwa maji mara mbili. Paka mstari mwingine ukiupitia mara mbili, ili ujionee inavyokuwa. Andika nyuma ya kigae kwa rangi hiyohiyo ni kipi ni kipi. Kichome kwenye tanuri lilelile litakalochoma sahani.

Kigae kinakueleza pia kama glezi yako inatiririka. Kisimamishe wima tanurini. Mistari ikitelemka, glezi hiyo haifai kwa maandishi hata kama nyeupe yake inapendeza. Tarehe zilizochuruzika kwenye picha zenu nyingi zimetoka hapa: ama glezi ya kung'arisha tu isiyokusudiwa kupakwa, ama glezi iliyowekwa nene mno, ama tanuri lililopita kiwango.

## Hatua ya 5: Tia sahani glezi

Futa sahani kwa sifongo chenye maji kidogo kuondoa vumbi, uiache ikauke. Tangu hapo ishike ukingoni tu. Mafuta ya vidole hufanya glezi ijikunyate tanurini na kuacha mabaka ya udongo mtupu.

Koroga glezi mpaka isiwe na bonge, kisha ichuje. Iwe na uzito wa uji mwepesi. Zamisha sahani kwa mwendo mmoja, hesabu sekunde mbili au tatu, itoe, itikise kidogo maji yadondoke. Usiizamishe mara ya pili kufunika kasoro, unene hautalingana.

Ikishakauka uso haung'ai tena. Kwaruza kidogo nyuma kwa sindano upime unene: takriban milimita moja inatosha. Vitundu vidogo visugue taratibu kwa ncha ya kidole, ukivaa barakoa, mpaka vijifunge. Mwisho, futa glezi yote kwenye kitako cha sahani, la sivyo itagandamana na rafu ya tanuri.

Umefanikiwa ikiwa uso ni mweupe, laini, wa unga, bila mawimbi ya michirizi. Ukiona mchirizi mnene, osha sahani yote sasa, uikaushe siku nzima, uanze upya. Hasara ya glezi ni ndogo kuliko hasara ya kazi ya mchana mzima.

## Hatua ya 6: Hamisha mchoro

Weka karatasi iliyotobolewa, linganisha mistari ya katikati, uishike kwa vipande viwili vya utepe wa gundi ukingoni nyuma. Gongagonga soksi ya mkaa juu ya matundu. Usisugue, kwa sababu kusugua husogeza karatasi. Inyanyue wima.

Utaona vitone vyeusi. Puliza unga uliozidi. Kama vitone havionekani sehemu fulani, usirudishe karatasi kwa kubahatisha. Unganisha kwa jicho wakati wa kupaka.

## Hatua ya 7: Paka

Hapa nitakaa kidogo.

Glezi mbichi inanyonya. Brashi ikigusa, maji hutoweka papo hapo na rangi hubaki. Ukisimama, doa linakua. Ukisitasita, mstari unakuwa na vinundu. Ndiyo maana brashi ijae, na mwendo uwe mmoja tangu mwanzo wa mstari mpaka mwisho wake. Kabla ya kila mstari mrefu, pitisha mkono hewani mara mbili juu ya njia yake, kisha shusha brashi bila kusimama.

Mkono usiguse sahani. Weka ubao mwembamba juu ya vipande viwili vya mbao virefu kuliko sahani, moja kila upande, uegemeze kifundo cha mkono juu yake.

Fuata mpangilio huu:

1. Mistari ya taji, kutoka juu kushuka chini, ili mkono usipite juu ya rangi mbichi. Tumia brashi nyembamba.
2. Herufi C na R, kwa brashi nene. Kila mguu wa herufi ni mpigo mmoja: kandamiza upate unene, legeza upate ncha. Usichore pembeni kisha ukajaza, kwa maana mipaka itaonekana nyeusi na katikati hafifu.
3. Kujaza taji kwa rangi nyepesi, brashi pana. Usirudie mahali palipokwisha kupakwa.
4. Mwaka. Anza na tarakimu za katikati, kama ulivyochora.
5. Duara la ukingo. Weka sahani katikati ya kigurudumu, kizungushe kwa mkono mmoja. Brashi isimame, sahani ndiyo iende. Shusha brashi wakati kigurudumu kinazunguka tayari.
6. Michoro ya mshazari ukingoni. Hii ndiyo furaha ya kazi nzima. Mpigo mmoja, nene mwanzo na mwembamba mwisho, yote ikiegemea upande mmoja. Anza kwa kupiga minne kwenye mikunjo mikuu: juu, chini, kulia, kushoto. Kisha gawa katikati, na katikati tena. Ukizunguka tangu mmoja mpaka ukutane na wa kwanza, ule wa mwisho hautapata nafasi. Ikitofautiana kidogo, iache. Sahani za zamani nazo hazikulingana, na hapo ndipo mkono wa mtu unapoonekana.

Kama brashi inakwangua na kubeba glezi, uso wako una unga mno. Changanya gundi ya mti, ile ya mgunga, na maji mengi, uinyunyize kwa ukungu mwepesi kutoka mbali, iache ikauke, ndipo uendelee.

Ukikosea, usifute kwa kitambaa wala kidole. Kobalti itasambaa na kuwa doa la kijivu mlilonionyesha mara nyingi. Tone dogo kwenye sehemu nyeupe likwangue kwa ncha ya wembe, upulize unga. Lakini herufi iliyokosewa haikwanguliki vizuri. Osha sahani yote. Karatasi yako iliyotobolewa bado ipo, na sahani ya akiba ipo. Kazi ya mara ya pili huenda kasi zaidi na mara nyingi hutoka safi zaidi.

## Hatua ya 8: Andika nyuma

Kabla ya kuchoma, andika nyuma jina lako au alama yako, mwaka ulioifanya, na maneno «imepakwa kwa mkono». Mtindo huu ni wa zamani, na sahani ya mwaka 1689 ina wanunuzi wenye fedha nyingi. Anayetengeneza kwa herufi za W na R za William, aweke mwaka wake mwenyewe nyuma, wazi na ndani ya glezi, ili sahani isije siku moja ikauzwa kwa mtu kama ya kale.

## Hatua ya 9: Choma

Iache sahani ikauke usiku kucha. Tanurini isiguse kitu chochote, kwa sababu glezi ikiyeyuka hushika jirani. Panda taratibu, nyuzi 100 hadi 150 kwa saa mpaka 600, kisha unaweza kuongeza kasi hadi 1060. Shikilia hapo dakika 15, zima, subiri. Usifungue tanuri kabla halijashuka chini ya nyuzi 100. Haraka ya kutaka kuona ndiyo inayopasua sahani.

Ukitoa, soma matokeo hivi:

- Buluu safi, yenye sehemu nzito na nyepesi ndani ya mpigo mmoja, na uso usio na kinundu ukipitisha kidole: umefanikiwa. Rangi imezama ndani ya glezi, haitabanduka.
- Nyeusi na ya kukwaruza: rangi ilikuwa nzito. Rudi kwenye vigae.
- Kingo za herufi zimetelemka: glezi ilikuwa nene, au tanuri lilizidi.
- Mabaka yasiyo na glezi: vumbi au mafuta ya vidole.
- Sauti ndogo za mlio na nyufa nyembamba kama nywele: glezi imenywea kuliko udongo. Wakati mwingine tumia udongo na glezi ambazo muuzaji mmoja amezioanisha.

## Kutundika, kula na kuuza

Sahani hii ni ya ukutani. Hata glezi isiyo na risasi haijathibitika kuwa salama kwa chakula mpaka ipimwe maabara ikiwa pamoja na rangi yake, na yenye nyufa hushika uchafu. Sahani nyingi za zamani zilikuwa na tundu kwenye pete ya kitako la kupitishia kamba. Ukifinyanga mwenyewe, toboa mawili udongo ukiwa bado mbichi. Ukinunua sahani tayari, tumia kishikio cha waya chenye springi.

Kwa zawadi na kwa nyumba yako, hakuna tatizo. Ukiwa Uingereza na unataka kuuza, fahamu kwamba matumizi ya nembo na herufi za kifalme kwenye bidhaa husimamiwa na ofisi ya Lord Chamberlain, afisa mkuu wa nyumba ya kifalme. Kwa matukio makubwa kama kutawazwa, ofisi hiyo hulegeza masharti kwa muda maalumu kwa ajili ya vitu vya ukumbusho, mradi viwe vya heshima, visiwe na tangazo la biashara, wala visidai kuwa vimeidhinishwa na familia ya kifalme. Muda huo ukipita, omba ruhusa kwanza. Soma masharti yao ya tukio lako kabla ya kupaka sahani ya pili ya kuuza.